Mpaka Kwenye Mguu wa Isidori

Sitalike,
12 Mei 2025

Mdogo wangu Josefina,

Habari za Shanwe, na cherehani yako inaendeleaje? Mimi ni mzima kuanzia goti kwenda juu. Chini ya goti, upande wa kushoto, kuna mambo, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu ilitumbukia mferejini wakati nafukuza ndege kwenye mpunga. Ilipotoka ilikuwa inaonyesha saa tu, na saa yenyewe haijasogea mpaka leo. Iliyobaki ni ya dukani kwa Edgar, na ukiongea pale wanunuzi wote wa sukari wanachangia. Mara ya mwisho tulipoongelea shamba la baba, mama mmoja aliyefuata kiberiti alinisahihisha ukubwa wa shamba. Kwa hiyo dereva wa basi la asubuhi atakuletea barua, na wewe ujibu kwa basi la kurudi.

Ijumaa nilikanyaga kisiki cha tete shambani. Kidonda chenyewe ukikiona utacheka, kama tundu la sindano. Jumamosi nikakipuuza. Jumapili nikaenda nacho kanisani, wakati wa kupiga magoti nikabaki nimesimama peke yangu kama mgombea. Leo asubuhi mguu umeamka mwekundu, umejaa, unawaka moto. Wifi yako Generosa akaniambia nichague: kituo cha afya kwa miguu yangu au kwa toroli la Edgar. Nikachagua miguu, kwa kuchechemea.

Tabibu ni binti anaitwa Happiness. Kwa umri anafaa kuwa mjukuu wangu, lakini anauliza maswali kama hakimu. Nimewahi kutoka upele au kuvimba mdomo kwa dawa za jamii ya penisilini? Natumia dawa gani nyingine, hata za miti? Nikajibu yote. Halafu akachukua biro nyeusi akauchora mguu wangu, mstari mzima kuzunguka pale wekundu ulipoishia. Akasema: "Babu, huu ndio mpaka. Wekundu ukiuvuka, au ukipata homa, hungoji asubuhi. Unakuja hapa saa hiyo hiyo."

Mimi niliyefyeka mpaka wa hifadhi miaka kumi na tisa na kusimika bikoni zake za zege kwa mikono yangu, leo nimewekewa mpaka mwilini. Nikamwambia nauelewa mpaka kuliko yeye. Akasema vizuri, basi usiuvuke.

Amenipa vidonge ishirini na nane, vile vya ganda la rangi mbili. Kimoja kila baada ya saa sita, mara nne kwa siku, siku saba. Tumbo liwe tupu, saa moja kabla ya kula au mbili baada ya kula. Nimemwambia hilo la tumbo tupu halina shida, mwezi huu ni kabla ya mavuno.

Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako,
Isidori


Shanwe, Mpanda,
13 Mei 2025

Kaka Isidori,

Shikamoo. Ukiniambia nisiwe na wasiwasi ndiyo naanza. Ulivyoniandikia hivyo mwaka ule, nyumba ilikuwa imeshaezuliwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nimecheka, ya pili nimemkumbuka kaka Deogratias. Naye kilikuwa kidonda cha kuchekesha. Naye alipewa dawa, akazimeza siku tatu, akaona nafuu, akazifunga kwenye kitambaa akaziweka juu ya kenchi zimsubiri ugonjwa mwingine. Leo kaka Deo ana mguu mmoja na kabati la viatu vya kulia ambavyo havijawahi kugusa ardhi. Yeye mwenyewe anautania, lakini mimi ndiye niliyekaa naye hospitali, na nilichokisikia siku ile walipomwambia sijakisikia tena kwa mwanaume mzima. Sitaki kukisikia kwako.

Kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayekujua. Usipasue kidonge ukamwagia unga kwenye kidonda. Najua unafikiria hivyo, sisi wote kwetu tumekua tukimwagiwa. Dawa hiyo inapita tumboni, inaingia kwenye damu, ndiyo inafika mguuni. Ukiimwaga juu, umeupaka mguu poda.

Cha usiku je? Unaamka? Ukisahau, meza pale ulipokumbuka, ila kama muda wa kinachofuata umekaribia, acha kilichopita uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa pamoja kulipia. Niliuliza duka la dawa hapa jirani ndipo nikaandika, sijatunga.

Msalimie wifi Generosa. Mwambie dawa asiiweke jikoni kwenye mvuke.

Mdogo wako,
Josefina


Sitalike,
15 Mei 2025, jioni

Mdogo wangu Josefina,

Ushindi! Naandika nimekaa nje, mguu juu ya kigoda, na kila anayepita anausalimia kabla yangu.

Wekundu umerudi nyuma ya mstari wa Happiness vidole viwili vizima. Uvimbe umepungua, mfupa wa kifundo nimeuona tena baada ya siku nne, tumesalimiana. Leo nimefika mpaka kwenye majaruba kuuangalia mpunga. Umeinamisha vichwa, wiki moja na nusu unavunwa, na viboko wameshaanza kuulizia. Mpunga hauwezi kumngoja mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Dawa hizi ni kali kweli, zimeupiga ugonjwa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nimebakiwa na vidonge sita na nimeamua kuvipumzisha. Kwa nini mtu ammwagie maji mtu aliyekwisha kuzama? Nimeviviringisha kwenye karatasi ya daftari, ni akiba. Huku kwetu ukiwa na vidonge sita ndani wewe ni mtu wa maana.

Mambo ya kaka Deo nimeyasikia. Lakini yule aliacha siku ya tatu. Mimi hii ni ya nne.

Kaka yako mzima,
Isidori


Shanwe, Mpanda,
16 Mei 2025

Wifi Generosa,

Habari za huko? Nimemwambia dereva barua hii aifikishe mkononi mwako, akikuta kaka yuko pembeni amwambie ni vipimo vya gauni.

Wifi, mimi nakata vitambaa, kazi yangu ni kujua kilichobaki kinalingana na kilichokatwa. Kaka alipewa vidonge ishirini na nane. Jana ilikuwa siku ya nne. Hata kama hakukosa hata kimoja, vilitakiwa vibaki si chini ya kumi na viwili. Yeye ananiambia, tena kwa majivuno, ana sita. Mtu hawezi kumeza zaidi ya alivyoandikiwa halafu akajisifu ana akiba. Kuna vidonge vimetoka mlango wa mbele.

Sikulaumu. Nakuuliza tu, maana wewe hujui kunidanganya na yeye anajua sana. Vimekwenda wapi? Na mguu ukoje leo, kwa macho yako wewe, si kwa maneno yake?

Wifi yako,
Josefina


Sitalike,
17 Mei 2025, asubuhi

Wifi Josefina,

Nimesoma barua yako nikakaa chini.

Vimetoka kwa mkono wangu. Jumanne Agatha wa jirani alikuja, mtoto anakohoa, akaniambia "mama, nimesikia mna dawa." Nitamjibuje? Agatha ndiye aliyenichotea maji mwezi mzima nilipovunjika mkono. Nikampa vitatu. Jumatano Aristide fundi baiskeli, ukucha umeoza, naye vitatu. Wifi, huku dawa ni kama chumvi. Ukijulikana unayo na ukamnyima mtu, siku ya msiba wako watakuja kula tu. Viwili nilikoroga kwenye maji ya kuku, walikuwa wanasinzia. Nimeona aibu hata kukuandikia hilo la kuku.

Vitatu amevimwaga mwenyewe kwenye kidonda. Barua yako ya kumkataza ilipofika alikuwa ameshapasua cha pili, akasema kimeshapasuka, kitaharibika. Cha tatu sijui alikisingizia nini. Vya usiku hajawahi kuamkia hata kimoja. Na mimi nilipoona vinapungua nilinyamaza, nikafurahi aliposema anaacha, nikaona basi vitatosha.

Sasa la mguu. Juzi kweli ulikuwa umerudi. Jana jioni wekundu ulikuwa umeugusa mstari. Leo alfajiri nimemletea maji ya kunawa, nikaona wekundu uko chini ya mstari kama kawaida, nikamshukuru Mungu. Halafu nikaangalia vizuri. Mstari wa yule binti ulikuwa mweusi. Huu ni wa bluu. Na uko karibu na goti.

Wifi, amehamisha mpaka. Ule wa kwanza ameusugua kwa dodoki. Nilipomuuliza akasema hata hifadhi mipaka yake huwa inapitiwa upya.

Anatetemeka na amejifunika blanketi na jua limewaka. Nakuandikia haraka dereva anapiga honi.

Generosa


Shanwe, 17 Mei 2025, saa sita mchana

Isidori,

Leo hakuna shikamoo.

Anayekupa karatasi hii anaitwa Maiko, ni bodaboda wangu wa kubebea vitambaa. Nimempigia Edgar dukani akutafute, ukamtuma aniambie uko shambani. Uko kitandani chini ya blanketi. Maiko ameambiwa asiondoke bila wewe nyuma yake. Ni mtu mpole, lakini anabeba majora mawili ya vitenge kwa mkono mmoja, usimjaribu.

Nenda kituoni sasa hivi. Usivimeze vile sita kwa pamoja, usimeze cha mtu mwingine. Ukifika mwambie yule binti kila kitu: vya jirani, vya kuku, vya unga, vya usiku, na mstari. Hasa mstari. Ukimficha kimoja atautibu mguu wa mtu mwingine, wako utabaki na ugonjwa wake.

Bikoni ya mguu wako haikuwa pale ili usionekane umevuka. Ilikuwa pale ili ujue ugonjwa umevuka.

Nimefunga cherehani. Nakuja kwa basi la jioni.

Josefina


Kituo cha afya,
20 Mei 2025

Mdogo wangu Josefina,

Shikamoo. Ndiyo, mimi ndiye nakupa wewe leo, ipokee haraka kabla sijabadili mawazo.

Umeondoka jana asubuhi kwa sababu ya sare za watoto wa komunyo, na umeniacha na daftari ukasema niandike ulichokosa kukiona. Umekosa hukumu.

Unakumbuka Jumamosi ulivyofika, nilikuwa najua jina langu tu. Sindano zile kwenye mshipa zimepigwa siku mbili, nikilala hapa. Tabibu Happiness alikuwa ameshaita gari la kunipeleka Mpanda, akalisimamisha, akasema tumpe mpaka alfajiri, wekundu ukipanda hata unene wa kucha anaondoka. Aliuchora mstari upya. Safari hii aliandika na saa pembeni yake, akaniangalia, akaiweka biro mfukoni mwake.

Haukupanda. Nililala macho wazi nikiulinda kama ninavyolinda mpunga.

Jana ulipoondoka ndipo alipovuta kiti. "Babu, sasa niambie." Nikamwambia yote, mpaka kuku. Nilitegemea anifokee. Alisikiliza, akaandika, akauliza kuku wangapi. Nikasema saba. Akasema, "Kwa hiyo nilimwandikia dozi mgonjwa mmoja, ikaliwa na watu watatu, kuku saba na ngozi ya juu. Halafu tunashangaa mguu haujapona." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka dripu ikatikisika.

Baadaye akanieleza taratibu. Wale wadudu ndani ya mguu, siku nne za kwanza walikufa wale legelege. Wale sugu walikuwa bado wamejificha, wanapepesuka, wakingoja kipigo cha mwisho. Nilipoacha, niliwapa likizo. Na wakizaliana hao sugu, dawa hiyo kesho haitamsaidia mtu, si mimi tu, hata mtoto wa Agatha. Kikohozi cha yule mtoto hata hakikuhitaji dawa ile, vidonge vitatu havikumtibu chochote. Na kama angekuwa mtu ambaye mwili wake unakataa penisilini, kimoja tu kingetosha kumziba pumzi. Hapo sikuwa na utani, Josefina. Tulimpa jirani kitu ambacho yule binti aliuliza maswali kumi kabla ya kunipa mimi.

Nimepewa dozi mpya kuanzia usiku wa jana. Ishirini na nane. Vile sita vya akiba amevichukua, akasema vitateketezwa kituoni na si nyumbani. Tumbo limelegea kidogo kwa dawa, nimemwambia, amesema ninywe maji, ikizidi au nikiona upele nirudi. Leo natoka.

Nilikuwa naogopa mguu, sikukuambia. Nilihamisha ule mstari kwa sababu kila nikiutazama nilimwona kaka Deo.

Kaka yako,
Isidori


Sitalike,
23 Mei 2025

Wifi Josefina,

Nakuandikia nikiwa nacheka, hiyo pekee ni habari.

Mume wangu amekuwa askari. Vidonge viko kwenye kopo kavu lenye kifuniko, chumbani, na ukutani kabandika karatasi yenye vyumba ishirini na nane. Kila akimeza anaweka msalaba na saa. Cha usiku tumeazima saa ya mezani ya Edgar. Inalia kama king'ora cha zimamoto, mtaa mzima unajua Isidori anameza. Jana asubuhi Aristide kapita akauliza, "Babu, usiku umechelewa dakika mbili, kulikoni?"

Lakini nilitaka nikuambie la kwangu. Nilikaa nikijiuliza, akija mtu kuomba nitafanyaje? Nikimnyima nitaonekana mbaya, nikimpa nitakuwa mbaya kweli. Jumatano akaja Agatha tena, mtoto bado anakohoa. Kabla hajaketi nikafunga khanga kiunoni nikamwambia, "Dawa sikupi, nakupa miguu. Twende wote." Akashangaa. Nikambeba mtoto mgongoni mimi mwenyewe, tukaongea njia nzima, tukafika. Happiness kampima, kifua ni safi, mafua tu, kaelekezwa cha kufanya nyumbani na dalili za kurudi. Agatha kaniambia hajasindikizwa na mtu kituoni tangu aolewe.

Jana nimempeleka Aristide. Ukucha umesafishwa, alipiga kelele mimi nikiwa nimemshika mkono, sasa ananipisha njia. Leo wamekuja wawili. Wifi, sinyimi mtu, natoka nao. Nimechoka miguu lakini siku ya msiba wangu watalia vizuri.

Kuku nao kumbe hata hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanasinzia kwa joto.

Wifi yako,
Generosa


Sitalike,
26 Mei 2025, jioni

Mdogo wangu Josefina,

Leo nimemeza cha ishirini na nane. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu haikuwa kimya kimya.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, tumbo tupu, maji kwenye kikombe, nimekaa mlangoni. Agatha alikuwepo, Aristide alikuwepo na dole lake jeupe la bandeji, na Edgar kafunga duka akisema amekuja kuangalia saa yake. Nimekishika kidonge mkononi, ndipo akatokea mzee Ngusa, yule mfugaji wa ng'ombe wa ng'ambo ya mto. Shavu moja limevimba kama ameficha embe.

"Isidori," akasema kwa upande wa mdomo, "nimeambiwa una dawa."

"Ninayo."

"Imebaki ngapi?"

"Moja."

"Basi nipe hiyo. Wewe si umeshapona? Jino halijanilaza siku tatu. Ninayo ile sindano ya ng'ombe, lakini nimeiangalia ilivyo ndefu nikasema nianze kwako."

Josefina, wote wakanigeukia. Mguu wangu ulikuwa mweupe, samahani, mweusi kama nilivyozaliwa nao, hauna uvimbe, hauumi. Kila kitu mwilini kilikuwa kinaniambia mpe mzee wa watu. Hata mkono ulianza kwenda. Ngusa amenipa maziwa miaka mingapi?

Nikakitia mdomoni. Nikanywa kikombe chote cha maji huku namtazama. Nikaweka msalaba wa mwisho ukutani.

Ngusa akasema, "Haa! Umekimeza mbele yangu!"

Agatha akamwambia, "Subiri, mzee, hajamaliza."

Nikaingia ndani nikavaa buti. Zote mbili. La kushoto lilikuwa halijaingia tangu siku ya kisiki, leo limepita mpaka mwisho nikafunga na kamba. Nikatoka, fimbo yangu ya kutembelea nikaiacha pale pale ilipoegemea. Generosa kafunika mdomo kwa khanga. Nikamshika Ngusa mkono nikamwambia, "Twende, tuwahi kabla giza halijaingia."

Kituoni Happiness alimwangalia shavu, akasema lina usaha na usaha lazima utolewe, kidonge kimoja cha kuomba kisingemfaa kitu. Kampa dawa kwa jina lake yeye na karatasi ya kwenda kwa daktari wa meno Mpanda kesho, nami nimemwandikia anwani yako akikwama. Halafu akaniambia nivue buti. Akaubonyeza mguu kila upande, akatafuta pa kuchora, hakuona. Akasema, "Babu, nimekufungia faili." Nikamwomba anipe hiyo karatasi nikaiweke ukutani, akakataa, ni mali ya serikali.

Kesho alfajiri naingia kuvuna. Mwambie kaka Deo nitamletea gunia la kwanza mwenyewe, kwa mguu wangu.

Ni mwendo wa karibu nusu saa kutoka hapa mpaka kituoni, unapafahamu. Na njiani, Josefina, mzee Ngusa aliniomba mara mbili nipunguze mwendo.

Kaka yako,
Isidori